Nimepewa dakika 20 mbele ya mafresha, niongee kuhusu pombe na bangi. Niseme nini wasilale?

komredi_wa_thika_rd (mwanzisha uzi)

Habari zenu humu. Mimi ni mwelimishaji rika katika chuo kimoja kando ya Thika Road, niko mwaka wa tatu. Wiki ya kuwapokea wanafunzi wapya imekaribia na ofisi ya masuala ya wanafunzi imenipa dakika 20 ukumbini. Mada wameandika wao: "Kuzuia matumizi mabaya ya pombe na dawa za kulevya chuoni." Anayenitangulia ni mtu wa maktaba, anayenifuata ni mtu wa bima. Kwa hivyo mjue ukumbi utakuwa katika hali gani nikishika maikrofoni.

Hotuba hizi nimezikalia. Picha ya ini lililooza, afande anasoma vifungu vya sheria, mhubiri anafunga kwa maombi, makofi. Jioni hiyo hiyo watu wanachanga pesa za mzinga kwenye M-Pesa ya mmoja wao. Sitaki kurudia hayo. Na siwezi kujifanya pasta, maana hao watoto watanikuta mtaani wikendi nimekaa na soda yangu kati ya marafiki wanaokunywa.

Nauliza hivi: ulipokuwa fresha, ni neno gani lingekufaa? Sisemi la kukutisha. La kukufaa.

mzinga_nusu_robo

Waambie HELB, ule mkopo wa masomo, si ya keroro, yaani pombe. Umemaliza. Dakika 19 zilizobaki waende wakale.

nesi_wa_zamu

Komredi, mimi ni nesi kwenye zahanati ya chuo. Chuo gani, tuache.

Ini lililooza weka kando. Hiyo ni shida ya mtu aliyekunywa miaka na miaka. Mtoto wa miaka 18 au 19 haletwi kwangu na ini. Analetwa kwa sababu alizima, akalazwa chali, akatapika na matapishi yakamrudia kifuani. Au alitaka kuvuka Thika Road usiku kwa chini ilhali daraja lipo pale juu. Au aliegemea ukuta wa roshani ghorofa ya tatu. Au alipigana. Au aliamka mahali asipopajua na hajui nani alimfanya nini. Hayo ndiyo ya Ijumaa usiku, na kati ya dakika zako 20 ningekuomba kumi ziwe hapo.

Anza na vipimo, kwa sababu wengi wametoka shule za bweni na hawavijui. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 4.2 ina takriban gramu 17 za pombe halisi. Robo, ile ya mililita 250 yenye asilimia 40, ina karibu gramu 79. Robo moja ni karibu bia tano. Mtoto anaichanganya na soda, anaimaliza chumbani kwa nusu saa kabla hata sherehe haijaanza, kwa kuwa klabuni bei haikamatiki. Mwili unaondoa pengine gramu 7 hadi 10 kwa saa na hauna haraka na mtu. Kahawa, supu, kuoga maji baridi, kukimbizwa uwanjani, hakuna hata kimoja kinachouharakisha. Aliyepiga robo saa tatu usiku, alfajiri bado anayo mwilini. Na kile alichokunywa mwisho kabla ya kulala bado kiko tumboni, kinaendelea kuingia kwenye damu. Ndiyo maana "mwacheni alale, ataamka sawa" ni ushauri mbaya. Anaweza kuzidiwa akiwa usingizini.

Dalili za kuita msaada, waambie waziandike kwenye simu:
haamki hata ukimfinya, anapumua polepole, chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi inakatika sekunde 10 na zaidi kabla ya kurudi, anatapika bila kuamka, ngozi baridi, anatetemeka kama mwenye degedege, rangi imebadilika. Kwa ngozi zetu nyeusi usitafute rangi usoni, angalia ndani ya midomo, kucha na viganja. Moja tu latosha, msisubiri zitimie zote.

Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele, kichwa kiinamishwe kidogo nyuma, mdomo uelekee chini. Msimwache peke yake. Msimtapishe kwa kidole. Pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu, au 999, au 112, au tuiteni sisi.

ploti_ya_mwisho

Hii ya nesi ichapishwe ibandikwe nyuma ya kila mlango wa hosteli. Miaka yote niliyokaa chuo hakuna mtu aliwahi kunipigia hesabu ya robo.

naripoti_karibuni

Samahani kuingilia. Mimi ndio hao mafresha mnaowazungumzia, barua ya kuitwa ninayo. Dada nesi, sasa kama mwenzangu wa chumbani amezima, na pombe ni mimi niliyeinunua, nikiwapigia si tutafukuzwa wote wawili?

nesi_wa_zamu

Mdogo wangu, swali lako ndilo linaloniletea watu saa kumi alfajiri kwa boda wakati walizima saa sita. Katikati hapo wenzake wanamwagia maji, wanampaka limau, wanasubiri apate akili kidogo ili soja wa geti asiandike majina. Saa nne zimepotea kwa sababu ya kitabu cha soja.

Sina jibu la kukupa kuhusu kufukuzwa. Kanuni si zangu.

wakili_mtarajiwa

Kanuni ni zangu, niko mwaka wa nne sheria. Za chuo chetu nimezisoma neno kwa neno. Kulewa ndani ya chuo ni kosa, kupatikana na dawa za kulevya ni kosa, adhabu inaanzia onyo hadi kufukuzwa. Kuhusu mtu aliyeita msaada kwa ajili ya mwenzake hakuna sentensi hata moja. Sasa fresha akisoma kimya hicho anakijaza mwenyewe, na atakijaza kwa hofu.

Kuna vyuo vilivyolishughulikia. Cornell, kule Marekani, walianza mwaka 2002 utaratibu wa kutomshitaki mwanafunzi anayeita msaada kwa mwenzake aliyelewa kupita kiasi, wala mgonjwa mwenyewe. Sharti ni kwamba mgonjwa akae na mshauri baadaye. Watafiti waliofuatilia walikuta simu za kuomba ambulensi ziliongezeka, wanafunzi waliosema wanaogopa kumwingiza mtu matatani wakapungua, na waliopata ushauri baada ya tukio wakawa wengi kuliko awali. Hiyo ya mwisho ndiyo inanivutia. Msamaha ule uliwaleta watu mezani badala ya kuwaficha.

Kwa hivyo, komredi, kabla hujatafuta maneno ya kuwaambia mafresha, tafuta sentensi moja kutoka kwa mkuu wa wanafunzi: anayeita msaada haadhibiwi. Ukiipata hiyo kwa maandishi, hotuba yako imeshafanya kazi kuliko zote zilizotangulia.

baba_kutoka_kakamega

Nimekuwa nikisoma kimya. Mimi ni mzazi, mwanangu yuko huko Nairobi, mwaka wa pili. Naona mnafundishana namna ya kumlaza mlevi na namna ya kumwepusha na adhabu. Mbona hakuna anayewaambia wasinywe? Sisi tuliuza ng'ombe ili mtoto asome. Hatukumtuma akajifunze robo ni bia ngapi. Serikali yenyewe imetoa sera Julai 2025 ikapendekeza umri wa kunywa upande kutoka 18 hadi 21. Ninyi mnakwenda upande gani?

komredi_wa_thika_rd

Mzee wangu, asante kwa kuingia, na swali lako ni la haki. Kuwaambia wasinywe nitawaambia, na wale ambao hawajaanza nitawaambia wana kila sababu ya kutoanza. Lakini ukumbini kutakuwa na watu mia kadhaa. Baadhi walianza kunywa wakiwa kidato cha pili. Nikisema "msinywe" pekee, hao wananizima masikio dakika ya kwanza, na ndio watakaokuwa chumba kimoja na mwanao.

wakili_mtarajiwa

Na kuhusu ile miaka 21, mzee, ile ni sera. Sera pekee haibadilishi sheria, inabidi Bunge lirekebishe. Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, ile watu wanaiita ya Mututho, inasema 18. Na karibu kila anayeripoti chuo ameshafika hapo au amebakisha miezi.

nesi_wa_zamu

Baba, mimi nina mtoto pia. Ningependa asinywe kabisa. Lakini akinywa siku moja kwa upumbavu wa ujana, ningependa wa chumba cha pili awe anajua kumlaza ubavu. Nataka yote mawili na sioni yanavyogongana.

baba_kutoka_kakamega

Haya. Basi niambieni mzazi aliye mbali anajuaje mambo yameharibika. Kwenye simu kila siku ni "niko sawa, baba".

mwalimu_wa_takwimu

Mzee, mimi hufundisha chuo kingine hapa mjini. Usitafute dalili za harufu, uko mbali. Tafuta za mpangilio. Pesa zinaombwa mara kwa mara na sababu inabadilika kila mara. Simu haishikwi kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana. Rafiki wa zamani hatajwi tena. Matokeo ya muhula hayaonekani, kila ukiuliza "mfumo umekwama". Mwombe akuonyeshe matokeo kwenye simu yake akiwa nawe, bila ukali. Na kama unaweza, pesa za matumizi tuma kidogo kidogo kila wiki badala ya kumwaga zote mwanzoni mwa muhula. Simaanishi humwamini. Laki ikiingia mkononi mwa mtu wa miaka 19 ina marafiki wake.

Sasa kwako komredi, nikupe kitu cha kufungulia. Mwaka 1986 Perkins na Berkowitz, watafiti katika chuo kidogo jimbo la New York, waliwauliza wanafunzi mambo mawili: wewe unaonaje kuhusu kunywa, na unadhani wenzako wanaonaje? Wengi walidhani wenzao wanaupenda ulevi kuliko ilivyokuwa kweli. Yaani kila mmoja alikuwa akijilinganisha na umati ambao haupo. Tangu hapo jambo hilo limeonekana vyuo vingi.

Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa 2022 wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, uliohusu watu wa miaka 15 hadi 65, ulikuta mmoja kati ya 8 alikuwa akitumia pombe wakati huo, na mmoja kati ya 53 bangi. Fresha anayeshuka Roysambu Ijumaa usiku hawezi kuamini, kwa sababu wasiokunywa hawapigi kelele. Wamelala au wanafua.

mzinga_nusu_robo

Mwalimu, hiyo mmoja kati ya 8 ni pamoja na shosho wa kijijini na shehe. Njoo Mirema Jumamosi uhesabu tena.

mwalimu_wa_takwimu

Uko sahihi, ni ya nchi nzima na vijana wa mjini huenda wako juu. Ndiyo maana komredi asiisome kama takwimu ya chuo chake. Afanye yake: fomu ya simu isiyo na majina, maswali mawili, wiki moja kabla. "Wikendi iliyopita ulikunywa?" na "Kati ya wenzako 10, unadhani wangapi walikunywa?" Asome majibu pale pale ukumbini. Hata kama hayatapendeza, ni yao.

Ila nisiuze dawa nisiyoiamini. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa mambo ya afya, yalikusanya tafiti nyingi za mbinu hii ya kuwapa wanafunzi takwimu za wenzao, yakahitimisha kwamba athari yake ni ndogo mno kutegemewa. Itumie kuwaamsha usingizi baada ya mtu wa maktaba, basi. Kilichoonyesha nafuu kidogo zaidi ni mazungumzo mafupi ya watu wawili, bila mahubiri, kama yale yaliyotengenezwa na kina Alan Marlatt katika Chuo Kikuu cha Washington: mwanafunzi anaandika anachokunywa, anaonyeshwa inamgharimu nini yeye, pesa, usingizi, alama, halafu anaamua mwenyewe. Hilo halifanyiki ukumbini. Linafanyika ofisini kwenu, mlango ukiwa umefungwa. Kwa hivyo hotuba yako iwe njia ya kuwafikisha kwenye mlango huo.

bintiye_old_town

Asalaam aleikum jamani. Mie natoka Mombasa, nasoma hapa Nairobi, sinywi na sijawahi. Mwaasema wasiokunywa wamelala. Twalala kwa sababu hapana pa kwenda! Ijumaa usiku maktaba yafungwa mapema, uwanja hauna taa, chumba cha televisheni kina mpira tu. Kila sherehe ya chama cha wanafunzi yafanyika klabu. Ukitaka kukaa na watu, wakaa na chupa. Mwaka wangu wa kwanza mafresha kadhaa walianza kunywa mbele ya macho yangu, na wala hawakuipenda ile ladha. Walikuwa wapweke tu.

Chama chetu kilianzisha usiku wa karata na biriani, tukapewa darasa moja na soja akakubali kuacha taa. Watu wanakuja. Si wengi, lakini wanakuja. Komredi, ukiweza kutaja sehemu tatu za kwenda Ijumaa ambazo si baa, zitaje na saa zake.

Na wasichana waambie wazi habari ya mchele, zile dawa za kulevya mtu awekewazo kwenye kinywaji kwa siri. Kinywaji chako ukikiacha mezani ukaenda msalani, ukirudi si chako tena. Hata soda. Mimi nisiyekunywa pombe nalindwa na nini nikiwekewa kwenye maji? Waende wawili, warudi wawili. Na akiwekewa mtu, asiulizwe alivaa nini, apelekwe hospitali usiku huo huo, kwa sababu dawa hizo hazikai mwilini muda mrefu na ushahidi wapotea.

mama_wa_kaunta_wendani

Mimi nina duka la pombe kali Kahawa Wendani. Najua mtanirushia mawe. Lakini nasema ukweli: nawajua wanafunzi kwa kalenda. HELB ikiingia, siku tatu hakuna kulala. Mwisho wa mitihani, vivyo hivyo. Wiki ya mafresha ndiyo kubwa kuliko zote, na wanaowaleta ni wale wa mwaka wa pili na wa tatu, wanawafundisha. Katikati ya muhula ni kavu, wananunua robo moja watu wanne.

Wa chini ya miaka 18 siuzii, kitambulisho naomba. Wengine hapa hawaombi, na wale wa kuletea watu pombe mlangoni kwa simu hawamwangalii mtu usoni. Ukinifungia mimi, ataletewa kwa boda.

Kama chuo kina akili, kisingoje wiki ya kwanza tu. Kiweke watu wake siku HELB inapoingia.

ploti_ya_mwisho

Mama wa kaunta, si kuna sheria inayokataza kuuza pombe ndani ya mita 300 kutoka shule? Huko Wendani maduka ya pombe ni mengi kuliko vibanda vya mboga.

wakili_mtarajiwa

Mita 300 zipo kwenye sheria ya 2010, lakini soma inamlinda nani: shule za chekechea, msingi, upili na taasisi nyingine za walio chini ya miaka 18. Chuo kikuu hakimo. Watu wengi wanadhani kimo.

Halafu kuna la mpaka. Leseni za vileo siku hizi ni kazi ya kaunti. Nairobi ina sheria yake ya 2014, Kiambu ina mambo yake. Githurai 44 ni Nairobi, Githurai 45 ni Kiambu. Kahawa West ni Nairobi, Wendani ni Kiambu. Msako ukifanyika upande mmoja, wanywaji wanavuka barabara. Mkuu wa wanafunzi akitaka kuongea na wenye baa, inabidi aandike barua mbili.

mti_mtakatifu

Mnapiga kelele za pombe tu. Bangi ni mmea, haijaua mtu. Acheni watu watulie.

nesi_wa_zamu

Mti, sitabishana nawe kuhusu mmea. Nitakwambia ninaowaona. Wa kwanza ni wa kuki zenye bangi. Anakula moja, nusu saa haoni kitu, anakula ya pili na ya tatu. Kuki huchukua nusu saa hadi saa mbili kupanda, kwa hivyo zinapanda zote pamoja. Analetwa moyo unakimbia, anaamini anakufa. Mara nyingi hafi, ila ukiwa umechanganya na pombe au tembe usizozijua, hapo sikuhakikishii kitu. Wa pili ni yule aliyeanza mapema, anavuta kila siku, ile kali, na kwao kuna historia ya ugonjwa wa akili. Anaanza kusikia sauti. Huyo wa pili ndiye unanikuta nikilia garini.

Na komredi, wataje wale wa miraa na mugukaa pia. Wakati wa mitihani mtu anatafuna usiku kucha, handasi, ule msisimko wa miraa, inamkatalia usingizi, asubuhi anatafuta pombe au tembe ya usingizi ya kujishusha. Mzunguko huo unawapata hata wale wasiojiona walevi.

sasa_niko_sawa_2019

Nimesita kuandika. Nilimaliza chuo kwa kuchelewa, nimekuwa bila pombe tangu 2019.

Komredi, kuna kitu kimoja ambacho hotuba zote hukosea. Zinasema "acha leo". Mtu aliyefika mahali nilipokuwa, ananywa asubuhi ili mikono isitetemeke kabla ya mtihani, akiacha ghafla peke yake chumbani anaweza kupata degedege na akafa. Kuacha kwa mtu wa namna hiyo ni kwa daktari. Sema hivyo wazi: ukitetemeka, ukitokwa jasho na kukosa usingizi unapokosa pombe, usiache peke yako, nenda hospitali kwanza.

Waambie pia kuna jaribio fupi la Shirika la Afya Duniani, linaitwa AUDIT. Maswali 10, alama hadi 40. Ukipata 8 au zaidi, kunywa kwako kumeshaanza kuwa hatari. Unalifanya kwenye simu bila mtu kujua. Mimi nilipofanya nilipata alama ambazo sitaziandika hapa.

Msaada upo na si lazima uwe wa nyumba za kurekebisha tabia zenye bei ya ploti. Hospitali ya Mathari pale Muthaiga ina kitengo cha uraibu. Kwa wenzetu wa heroini kuna kliniki ya methadone, dawa wanayopewa badala ya heroini, hapo hapo, na nyingine Ngara. NACADA wana 1192, bure kupiga. Mimi nilipiga nikakata mara ya kwanza. Mara ya pili waliongea nami kama mtu.

naripoti_karibuni

Kaka, asante kwa kuandika hii. Na je, mtu akienda Mathari, chuo kinaambiwa?

sasa_niko_sawa_2019

Hapana. Siri ya mgonjwa ni siri. Mimi mwenyewe ndiye niliyeomba barua ya daktari nipate kuahirisha muhula, na haikuandika zaidi ya kwamba niko kwenye matibabu.

komredi_wa_thika_rd

Jamani, nimerudi. Nimekaa na haya yote na nimekata hivi. Ini nje. Afande nje. Dakika tatu za mwanzo: majibu ya fomu yao wenyewe, ya maswali mawili. Kisha hesabu ya robo, nitabeba chupa tano tupu za bia na robo moja tupu niziweke mezani. Kisha dalili na kumlaza ubavu, kwa vitendo. Kisha mchele. Kisha sehemu tatu za kwenda Ijumaa, biriani ya kina dada wa Mombasa ikiwemo. Mwisho AUDIT, Mathari, 1192, na mlango wa ofisi yetu, na onyo la kutoacha ghafla. Kuhusu siku ya HELB nimeongea na wenzangu, tutakuwa na zamu kwenye hosteli usiku huo.

Sasa habari mbaya. Nimeenda kwa mkuu wa wanafunzi na ile sentensi ya "anayeita msaada haadhibiwi". Amenisikiliza vizuri, akaniambia anakubaliana nayo, akaniambia nisiiseme ukumbini.

wakili_mtarajiwa

Anakubaliana lakini usiseme. Hiyo ndiyo haisaidii mtu yeyote saa saba za usiku. Ametoa sababu?

komredi_wa_thika_rd

Anasema kamati ya nidhamu ndiyo yenye uamuzi, na wazazi wataona chuo kinaruhusu ulevi.

baba_kutoka_kakamega

Mimi ni mzazi. Mwambieni nimeona na sijaona hivyo. Nilipoingia humu nilikuwa na hasira na bado sitaki mwanangu anywe. Lakini akizima, aitwe mtu. Adhabu tutaongea baadaye nyumbani, na itakuwepo. Kama kuna barua ya kutia sahihi, nitafutieni, na nitawatafuta wazazi wengine wa huku.

wakili_mtarajiwa

Mzee, hiyo ina uzito kuliko yangu. Komredi, nitakuandikia rasimu usiku huu. Tusiombe kanuni ibadilishwe, hiyo itachukua mwaka. Tuombe waraka mmoja wa mkuu wa wanafunzi, nusu ukurasa: anayeita msaada na anayesaidiwa hawatapelekwa kwenye kamati kwa kosa la kulewa pekee, mgonjwa atamwona mshauri ndani ya wiki mbili, na waraka hauwahusu wauzaji, wanaomwekea mtu dawa, wala wanaopigana. Hapo kamati haijanyang'anywa kitu. Na soja wa geti apewe nakala, maana ndiye anayeogopwa.

nesi_wa_zamu

Ongeza kwamba zahanati haitapeleka majina. Nitamwomba mganga wetu mkuu aandike sentensi kama hiyo kwa upande wetu.

komredi_wa_thika_rd

Sawa. Barua naipeleka Jumatatu, jina la mzee likiwa juu. Nikijibiwa nitaweka hapa, nisipojibiwa nitaweka pia. Na kama hadi siku hiyo hakuna waraka, nitawasomea kanuni ilivyo, niwaambie haisemi lolote kuhusu anayeita msaada, halafu niwape namba ya zahanati.

Kwa sasa nahitaji mtu wa kujilaza jukwaani kama mlevi aliyezima ili mafresha wajaribu kumgeuza ubavu. Nani yuko tayari?

mzinga_nusu_robo

Mimi hapa. Malipo chapo mbili na madondo. Na nitakuwa nimekauka siku hiyo, naapa.

nesi_wa_zamu

Una kilo ngapi? Nataka mzito. Mwembamba kila mtu anaweza kumgeuza, hawatajifunza kuanzia kwenye goti.